Mazishi ya Nyoka wa Tangi la Tatu

Watu wananiita Mzee Chumvi, na siwalaumu. Nimewahi kusimulia kwamba nyoka wa maji wa tangi la tatu alimeza saa yangu ya mkononi, na mwaka mzima tukawa tunajua muda wa kubadilishana zamu kwa kumtegea sikio tumboni. Nimewahi kusema kulikuwa na mmoja mrefu kiasi kwamba kichwa kilikuwa kimeshaingia kazini asubuhi, mkia ukawa unafika na wa zamu ya mchana. Hayo ni chumvi. Haya ninayoandika sasa hayana hata punje, ndiyo maana kalamu inakuwa nzito.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtu wa matangi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Mto unatuletea maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Tunayatuliza kwenye matangi manne makubwa yaliyo wazi juani, tope linashuka, maji ya juu yanapita kwenye wavu, kisha kwenye mchanga, kisha dawa, kisha mabomba, kisha wewe unafungua bomba jikoni kwako na kulalamika. Kazi yangu ilikuwa tope na wavu. Lakini adui yangu hakuwa tope. Adui yangu alikuwa chura.

Chura jike mmoja akitaga tangini, baada ya siku chache una viluwiluwi wasiohesabika. Wanakwenda na maji hadi kwenye wavu, wanaujaza, pampu inaanza kukoroma kama mjomba aliyeshiba. Tulijaribu ndoo, tulijaribu nyavu za mikono, tulijaribu matusi. Aliyeweza kazi ile ni nyoka peke yake.

Sina shule ya kutajwa. Nyoka nilimsoma kwa macho, nikiwa nimekaa ukingoni mwa tangi na sahani ya chakula cha mchana magotini. Mengine nilisoma katika kitabu kisicho na jalada ambacho injinia mmoja alikiacha alipohama. Mende walikuwa wameshakula sura zote za wanyama wanaonyonyesha, ila nyoka hawakuwagusa, nadhani kwa heshima.

Nyoka mwenyewe ana mgongo wa kijivu unaoelekea kijani, tumbo la madoadoa kama ubao wa drafti, na nyuma ya kichwa ana mstari wa manjano kama kola ya karani. Jike hukua akampita dume, kama ilivyo nyumbani kwangu. Huogelea kichwa kikiwa juu ya maji na mwili ukipindapinda nyuma yake, na akitaka anazama na kutulia chini dakika nyingi. Niliwahi kumpima kwa saa, kabla haijamezwa. Asubuhi huota jua kwenye zege la ukingo. Chura humshika mzima na kummeza akiwa hai, taratibu, huku chura ameduwaa kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Na hana sumu. Narudia, kwa kuwa ndilo jambo lililotufikisha hapa: hana sumu. Ana vijino vya kumzuia chura asiteleze, basi. Kwa kuwa hana silaha, Mungu alimpa usanii. Ukimkamata, kwanza anapuliza na kutandaza kichwa kiwe cha pembetatu, umdhanie kifutu. Atakurukia na kukugonga kwa pua, mdomo umefungwa. Usipotishika anakumwagia uvundo kutoka chini ya mkia: vitunguu saumu vilivyooza, uchanganye na maji ya samaki wa juzi. Sabuni haiuwezi kwa siku mbili. Usipomwachia hata hapo, anakufa.

Anakufa kabisa. Anajigeuza tumbo juu, anafungua mdomo, ulimi unaning'inia nje, hata tone la damu linajitokeza kwenye fizi. Mnyanyue, atalegea kama kamba ya viatu. Ukimsimamia saa nzima, atakuwa marehemu saa nzima. Ukigeuka ukaondoka, anafungasha mambo yake na kwenda zake.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi yangu iliyopendwa kuliko zote. Nitaisimulia kama nilivyokuwa nikiisimulia.

Nilipobakiza miaka kumi na mmoja kustaafu, nililetewa kijana wa kujifunza kazi. Kijana mtulivu, shati ndani ya suruali, anafikiri kabla ya kujibu. Wiki yake ya kwanza, eti, alimwokota nyoka tangi la tatu, nyoka akafia mikononi mwake. Kijana akalia. Akachukua koleo, akachimba kaburi nyuma ya nyumba ya pampu, akamlaza marehemu, akaenda kutafuta maua. Aliporudi na maua, kaburi tupu. Akakimbia ofisini, machozi na matope usoni, kuripoti kwamba maiti imeibwa.

Niliisimulia wakati wa chai. Niliisimulia kwa wageni waliokuja kukagua. Kijana yule alipomwoa binti yangu, niliisimulia harusini kwa kipaza sauti. Niliisimulia tena siku ya kuniaga kazini, na mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikabidhiwa matangi yangu, alikaa mstari wa mbele akitabasamu kwa midomo. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wala hakuna aliyeamini. Nyoka anayejifanya maiti! Chumvi ya Mzee hiyo.

Siku hiyo ya makabidhiano nilimpa funguo, nikampa na jambo moja zaidi: rundo. Kila mwaka majani ya kandokando ya matangi yakifyekwa, hatukuyachoma. Tuliyalundika kwenye kona yenye jua karibu na uzio. Majani yakioza yanatoa joto, ukiingiza mkono ndani utadhani umeutia kwenye sufuria ya uji, na joto hilo ndilo nyoka jike analitafuta. Anaingia, anataga mayai yake yakiwa yameshikana kama shada, anaondoka. Jua na uozo vinalea.

"Mwanangu," nilimwambia, "rundo lisiguswe mpaka vitoto vitoke."

"Ondoa shaka, Baba."

Miaka miwili nikakaa bila shaka.

Kisha likatokea la Tingatinga. Huyu ni mfagiaji wa matangi, jitu la miraba minne, anayebeba pampu ndogo begani kama mtoto mchanga. Tangi la tatu lilikuwa limepunguzwa maji ili lisuguliwe, na Tingatinga akainama kuokota mpira wa maji. Mpira ukapuliza. Kabla hajauachia ukammwagia manukato yake kuanzia kifuani hadi kwenye buti, na Tingatinga akaanguka kama mnara. Zahanati walimpekua mwili mzima wasione hata mkwaruzo. Wakampa mapumziko ya siku tatu, nadhani kwa manufaa ya wagonjwa wengine.

Lakini huko kazini neno likaenea kwamba harufu ndiyo sumu yenyewe, inaingia kwa ngozi. Wafagiaji sita wakaweka mafagio chini. Meneja alikuwa mgeni, mwanamama makini aliyehamia miezi mitano nyuma, na mtu makini akiona mafagio chini huitisha mkutano.

Binti yangu ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu akikunja nguo za mwanawe.

"Baba, wanataka kuwaua wote. Na rundo wanaliondoa."

"Na mumeo anasema nini?"

Akakunja kaptula ileile mara ya pili. "Nenda mwenyewe, Baba."

Nikampigia simu mkwe. Akaniambia, "Njoo Alhamisi saa nne. Utawaeleza vizuri kuliko mimi."

"Lakini utasimama nami? Wewe unamjua yule nyoka kama ninavyomjua mimi."

"Nitakuwepo, Baba."

Ilinitosha. Alhamisi asubuhi nikapita kwanza tangi la tatu, nikamchukua jike mmoja aliyekuwa akiota jua, nikamtia kwenye foronya niliyotoka nayo nyumbani. Mke wangu alikuwa ameniuliza mlangoni, "Hiyo si ya seti?"

"Itarudi."

"Foronya itarudi. Wewe rudi na akili."

Chumba cha mikutano kina meza ndefu inayong'aa hadi unaona matundu ya pua yako. Wafanyakazi walisimama kuzunguka ukuta. Meneja alikaa kichwani mwa meza, na mkono wake wa kulia alikaa mkwe wangu, na faili mbele yake. Nikaona sawa. Nikamwamkia kwa kichwa. Akashusha macho kwenye faili.

Nikamtoa nyoka.

Jamani! Watu wazima wenye wajukuu walipanda viti. Tingatinga alikuwa dirishani mguu mmoja ukiwa nje. Nyoka alipuliza, akatandaza kichwa, akanigonga vidole kwa pua, pa, pa, pa. Nikainua mkono wangu wauone.

"Damu iko wapi? Jino liko wapi? Huyu anapiga kelele tu, kama redio."

Wakaanza kucheka, na mwenye kucheka ameshashuka kwenye kiti. Nikaona ninashinda. Ukaja uvundo. Meneja akafunga pua kwa mtandio, madirisha yakafunguliwa, nami nikawaonyesha mikono yangu yote miwili ikinuka. "Nimenukia hivi miaka thelathini na mmoja. Mbona sijafa?" Hapo pia nilikuwa ninashinda.

Ndipo akafa yeye.

Alijigeuza pale pale juu ya meza inayong'aa. Tumbo la drafti juu, mdomo wazi, ulimi nje, tone dogo jekundu.

"Mzee, umemuua," alisema Meneja.

"Hajafa, mama. Anajifanya."

"Ulimi uko nje."

"Ndivyo anavyojifanya."

"Ana damu mdomoni."

"Hata hiyo, mama, ni katika kujifanya."

Sauti moja ukutani ikasema, "Mzee Chumvi leo kaleta maiti yenye kipaji!" Chumba kikalipuka.

Nikasema, "Tutokeni nje sote. Dakika kumi. Mkirudi hamtamkuta amelala hivi."

Meneja aliuweka mkono wake mezani, mbali na mkia. "Mzee wangu, nikuelewe. Nimwache nyoka kwenye meza yangu, nitoke, nikirudi nisimkute, na hilo ndilo liwe la kunituliza?"

Hata mimi ningecheka, kama lingekuwa la mtu mwingine. Ikabaki njia moja. Nikanyoosha kidole.

"Muulize mkwe wangu. Yeye anamjua. Yeye ndiye aliyemzika."

Kicheko kikakatika. Meneja akamgeukia. "Hadithi hiyo nimeisikia hata kabla sijahamia hapa. Ni kweli? Ulimzika nyoka kama huyu, akafufuka?"

Mkwe wangu aliliweka faili lake sawasawa na ukingo wa meza. Alifikiri kabla ya kujibu.

"Hapana, Meneja. Sijawahi kuzika nyoka."

"Umewahi kumwona akijifanya amekufa?"

Akanitazama mara moja, kwa muda wa kufumba jicho. "Sikumbuki."

Alisema sikumbuki, mtu aliyekula chakula cha mchana pembeni yangu miaka kumi na mmoja, nyoka wakifa na kufufuka mbele ya sahani zetu mpaka tukachoka kuwatazama! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa ndani ya sare ya kazi niliyomkabidhi mwenyewe, kalamu mbili mfukoni.

Lakini nimeahidi hakuna chumvi, basi nimalize. Jibu lake la pili lilikuwa uwongo. La kwanza lilikuwa kweli tupu. Hakuwahi kuzika nyoka.

Aliyezika ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mtu mzima mwenye mke mjamzito. Nililia mimi. Nilichimba mimi, nyuma ya nyumba ya pampu. Maua nilichuma mimi, na mbio za ofisini zilikuwa zangu, na msimamizi wa wakati huo alinionea huruma akaahidi hatasema, na hakusema hadi alipofariki. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kilichotokea. Na yule kijana, wiki yake ya kwanza, nilipomwekea nyoka aliyelegea kiganjani nikingojea aangue kilio, alimtazama nusu dakika akasema, "Mzee, huyu anatudanganya. Tumwache tuone." Tulimwacha. Tuliona. Siku yake ya tatu nikaanza kusimulia kwamba ni yeye aliyelia.

Pale chumbani ningeweza kulisema hilo. Nililiweka hata ulimini. Nikaona nyuso zile zote zinazonisubiri, nikaona itakavyokuwa, mimi na maua yangu, na mdomo niliouzoesha kusema usiku kucha ukakauka. Nikanyamaza. Mkwe naye akanyamaza. Nyoka naye, tukawa watatu.

Tingatinga akapewa koleo amtoe. Nikamfuata hadi uani.

"Tingatinga, mwanangu, mlaze tu hapo majanini, halafu ugeuke uende zako. Nakuomba."

"Mzee, kama amekufa, hataumia. Kama hajafa, ndiyo dawa yake."

Akashusha koleo. Mkia ulijikunja na kujikunjua juu ya zege muda mrefu, ukazunguka, ukajipiga ukutani, na wote waliokuwa mlangoni waliona.

"Si mnaona alikuwa mzima!" nikasema.

"Alikuwa," alijibu Tingatinga. Nadhani naye alihuzunika. Alilishika koleo mbali na mwili wake kama si lake.

Mkwe wangu alitoka akatangaza uamuzi: nyoka watakusanywa, rundo litaondolewa Jumatatu. Alisema Jumatatu. Nikaenda nyumbani na foronya tupu, nikihesabu: Ijumaa ya kupoza hasira, Jumamosi nikaombe ruhusa kwa Meneja peke yake, Jumapili niingie kwenye rundo na ndoo, nitoe mayai kabla koleo halijafika. Yalikuwa yamebakiza kama wiki mbili yaanguliwe.

Ijumaa saa nane na nusu mchana mkwe akaja. Sikumtegemea, siku ya kazi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, akaketi jikoni kwetu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hebu litamke tena lile neno la jana. Sikumbuki. Nilipenda ulivyolitoa."

Mke wangu akaweka kikombe mezani kwa kishindo kilichonilenga mimi. Mkwe hanywi chai. Miaka yote huwa anaionja tu kwa adabu. Siku hiyo alikunywa kikombe chote, akaomba cha pili.

"Jibu langu la kwanza ulilisikia, Baba?"

"Nililisikia."

"Lilikuwa na uwongo?"

Nikatazama chai.

"Umeisimulia mara ngapi ile hadithi?"

"Ni utani, mwanangu. Watu wanakupenda kwa ile hadithi."

"Wananicheka, Baba. Harusini kwangu ulishika kipaza sauti. Shangazi yangu hadi leo ananiita Mchimba Kaburi. Juzi mwanangu katoka shule, kasimuliwa na mwenzake, ananiuliza, 'Baba, ulilia kwa sauti au kimyakimya?'"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Mwaka wa kwanza nilikuambia. Mwaka wa tatu nikakuambia. Siku ya kukuaga nilikuomba asubuhi, nikashika mkono wako. Kila nikikuambia, unaongeza maua."

Mke wangu aliacha kuosha vyombo. Alikuwa hajui. Hata yeye kwa miaka yote hiyo aliamini mkwe ndiye aliyelia. Nilimdanganya naye kwa bei ya jumla.

"Na nyoka?" niliuliza. "Nyoka alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Lakini ningesema ninamjua, wangeniuliza nilimjulia wapi, na kila mtu mle ndani alishakuwa na jibu. Meneja anachagua mkuu wa kitengo mwezi huu. Hawezi kuchagua mtu ambaye akiingia chumbani watu wanatafuta maua."

Kikombe cha tatu kikamiminwa. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepata mwenzake, na wawili hao hawakuwa wakipatana.

"Basi," nikasema, "kesho ninakuja kazini. Ninawaambia wote ni mimi. Nawe uwaambie unachokijua kuhusu nyoka. Jumapili tunaingia kwenye rundo pamoja, tunatoa mayai, Jumatatu wachukue majani yao."

Alikuwa akizungusha kikombe kwenye kisahani.

Mke wangu ana akili zinazotembea kwa miguu mirefu kuliko zangu. Alifuta mikono. "Mkwe, leo umekuja na baiskeli. Gari la kazini liko wapi?"

"Liko kazini, Mama."

"Linabeba nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na robo. Chai yake ya tatu haikuwa imeguswa.

"Meneja aliamua lifanyike leo," alisema hatimaye, akiongea na kisahani. "Nilimwomba waanze saa nane na nusu, nikiwa hapa. Sikutaka uone, Baba."

"Ulikuja kunishikilia."

"Nilikuja kukuepusha."

"Umekaa jikoni kwangu, umekunywa chai yangu, umenitia uchungu, ili koleo lifanye kazi."

"Niliyoyasema yote ni kweli, Baba."

Na ndilo lililoniumiza. Angekuja na uwongo ningemsamehe kama fundi anavyomsamehe fundi mwenzake. Alikuja na kweli yake yote, aliyoitunza miaka kumi na mitatu, akaitumia kunifungia mlango.

Nikatoka. Kutoka kwangu hadi mtamboni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Kwa magoti yangu, ishirini na tano. Alinifuata nyuma akisukuma baiskeli. "Baba, panda nikubebe." Nikaongeza mwendo. "Baba, jua kali, panda." Afadhali ningetambaa kwa tumbo.

Kwenye kona ya uzio hapakuwa na rundo. Palikuwa na mraba mweusi wa udongo uliolowa, ukifuka mvuke mchana kweupe kama sufuria iliyofunuliwa. Gari lilikuwa limeondoka na mzigo wa mwisho. Kwenye alama za magurudumu kulikuwa na vitu vyeupe vilivyobonyea, laini kama ngozi, ute umetoka, na ndani ya ute nyuzi nyembamba za kijivu. Zilikuwa na kola. Ndogo mno, lakini kola ya manjano ilikuwa imeshatokea.

Tingatinga alisimama pale na wenzake wawili, uma za majani mikononi. "Pole, Mzee. Tulidhani ni uyoga."

Mwenzake, mtu mwema asiyejua muda wa kunyamaza, akasema, "Mzee Chumvi! Tupe hadithi moja basi, ya kupumzikia."

Nikawapa. Sikuinua sauti, sikutumia mikono. Niliwaambia mwaka, nikawaambia nyuma ya nyumba ya pampu, nikawaambia jina la msimamizi aliyenifuta machozi. Nikasema, "Aliyemzika nyoka ni mimi. Huyu mkwe wangu alijua tangu siku ya kwanza kwamba nyoka anajifanya. Nilimwibia akili yake nikampa ujinga wangu."

Kisha yule mtu mwema akaanza kutetemeka mabega. Akamshika Tingatinga asianguke.

"Anamkomboa mkwe! Wallahi mzee huyu! Eti alichuma na maua!"

Walicheka hadi uma zikaanguka. Mkwe wangu alikuwa amefika, ameshika baiskeli kwa mikono yote miwili. Wakamgeukia. "Mkuu, eti ni kweli?"

"Ni kweli," alisema. "Mimi sikuzika. Nilimwona anajifanya, tukamwacha, akaondoka. Nyoka hawa hufanya hivyo. Hawana sumu."

Alisema kila kitu. Siku moja na saa chache baadaye, lakini alikisema chote, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti. Na hapo ndipo Tingatinga mwenyewe, ambaye hacheki ovyo, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mkwe naye ameanza! Chumvi imerithiwa!"

Mkwe akanitazama. Sijui alitaka nimsaidie vipi. Mtu ambaye kila siku alijaza chumvi kwenye kisima hawezi siku moja kusimama hapo akawaambia watu maji yalikuwa matamu.

Wenzake wakaondoka wakicheka kuelekea matangini. Mkwe akalaza baiskeli chini, akapiga magoti kwenye udongo wa moto, na suruali yake safi.

"Tuyatafute, Baba. Huenda yapo yaliyosalia."

"Nenda kazini, mkwe."

Miaka yote nilimwita mwanangu. Aliinuka, hakupangusa magoti, akaenda.

Nilitafuta peke yangu. Chini ya uzio, ambako uma ulirusha bonge la majani, nilipata shada moja la mayai tisa, yameshikana, mazima. Nikavua kofia nikayatia ndani. Lakini mayai ya nyoka si ya kuku, hayageuzwi. Kitoto hujishikiza upande wa juu wa yai tangu mwanzo, na upande huo lazima ubaki juu hadi mwisho, la sivyo kinazama kwenye chakula chake chenyewe. Haya yalikuwa yamerushwa. Niliyainua juani, nikayasogeza jichoni, nikatafuta doa, kivuli, alama yoyote. Pande zote zilikuwa nyeupe, nisijue upi ndio uliokuwa juu.

Nikayalaza upande mmoja ndani ya kofia, nikasimama, nikapiga hatua tatu. Nikarudi, nikapiga magoti tena, nikayageuza.